Mwanafunzi Wangu Ameandika Habari Kuhusu Kisima cha Shemeji

BARUA

Kwako Mama Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Naomba jina langu lisitajwe wala mtaa wangu. Niseme tu ni upande wa magharibi mwa jiji, mahali ambapo watu wote wanajuana.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikituma habari za mashinani kwa magazeti na stesheni za redio. Nililipwa kwa kila habari iliyotumika. Ambayo haikutumika ilikuwa hasara yangu na nauli yangu. Kazi hiyo ilipokauka nilifungua duka dogo la kupiga chapa na kutoa nakala. Hata hivyo sikuweza kuiacha kabisa, kwa hivyo kila Jumamosi huwafunza vijana wa mtaa misingi ya uanahabari. Wengi wana kati ya miaka 15 na 19. Vifaa vyetu ni simu zao, daftari, na gazeti la ukutani tunalobandika nje ya ukumbi kila mwisho wa mwezi. Watu wakienda dukani husimama wakalisoma, wengine wakabishana hapo hapo.

Huwaanzisha na yale maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Kisha nawatuma nje. Mwanzoni walikuwa wakirudi na "watu wanasema". Nawauliza, "Watu gani? Wana majina?" Nimewachosha kwa swali hilo hadi sasa wanaulizana wenyewe. Mzazi mmoja alikuja kunilaumu kwamba ninamfundisha mwanawe umbea.

Ukumbi tunaoutumia ni wa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Hatulipi kodi. Viti alinunua yeye. Mama yetu alipolazwa, bili ya hospitali aliimaliza yeye, na hajawahi kuitaja tena. Ana nyumba za kupangisha, duka la vifaa vya ujenzi, na kisima alichochimba baada ya uchaguzi wa 2022. Maji yake yanauzwa kwenye kioski, shilingi 10 kwa mtungi wa lita 20. Ukutani kumeandikwa kwa rangi ya bluu: MAJI SAFI YALIYOTIBIWA.

Sasa kuna msichana mmoja katika kikundi, nitamwita Binti. Ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Niliwapa kazi ya kutafuta jambo ambalo kila mtu analiona na hakuna anayeliuliza. Wenzake waliandika kuhusu bodaboda na moshi wa jaa la Gioto. Yeye akauliza kwa nini mdogo wake wa miaka 11 ana meno ya kahawia, ilhali binamu zao waliokulia Kakamega wana meno meupe.

Mama, huyo mtoto alifanya kazi. Alisoma kwamba miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa madini ya floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi, kwamba yakizidi hutia meno ya watoto madoa, na kwamba kuchemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Akajua kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Akachota chupa moja kwenye kioski cha shemeji, akampa binamu yake anayesoma kemia chuo kikuu. Majibu yalipokuja yalikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Akapiga picha za watoto wa jirani wakiwa wamefungua midomo. Halafu akaandika habari yenye kichwa: "Tunanunua Meno ya Kahawia kwa Shilingi Kumi".

Nikikwambia ukweli, miaka yangu yote sikuwahi kupata kichwa kizuri kama hicho.

Vijana wote wameichagua iwe habari kuu ya mwezi. Mtangazaji mmoja wa redio tuliyemjua zamani ameahidi kuisoma hewani. Mimi nimekuwa nikisema "bado naihariri", na mwezi mmoja umepita hivyo. Jumamosi iliyopita Binti aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, unasubiri nini?" Sikuwa na jibu. Hajui kwamba mwenye kisima ni shemeji yangu. Wengine wanajua, na nadhani wananitazama.

Dada yangu naye amenipigia simu. Anasema mumewe amesikia kuna vijana wanapiga picha kisimani, anauliza kuna nini. Kisha akaniambia kwa upole, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nilielewa.

Nikiichapisha habari hii, nyumba ya dada yangu itaingia moto, na kikundi kitakosa ukumbi. Nikiizuia, kila nilichowafundisha ni maneno matupu. Nifanye nini? Nimefikiria pia kufunga masomo mpaka Januari mambo yapoe.

Mwalimu aliyekwama, Nakuru

JIBU

Ndugu yangu mwalimu,

Asante kwa kuniandikia, na pole kwa mwezi mzima wa kujificha nyuma ya neno "naihariri". Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Kwanza niseme ninavyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Una deni la heshima kwa mtu aliyekusaidia wakati wa shida, na una kundi la vijana uliowafundisha kutomwogopa mtu mwenye pesa. Vitu hivi viwili vimekutana kwenye chupa moja ya maji. Nawe umejiwekea milango miwili tu, kuchapisha au kuzuia, na kila mmoja ukiutazama unaona moto.

Kabla sijaigusa milango hiyo, niruhusu niiulize habari yenyewe maswali, kama ungefanya wewe kama mwenye kisima angekuwa mtu baki. Nina hofu kidogo kwamba upendo kwa shemeji kwa upande mmoja, na fahari kwa mwanafunzi kwa upande mwingine, vimekufanya usiisome kwa jicho lako la zamani.

Mdogo wake Binti ana miaka 11. Kisima kilichimbwa baada ya uchaguzi wa 2022. Madoa ya floraidi hayaji kwa jino ambalo limekwisha kukomaa. Huingia wakati jino linaundwa ndani ya ufizi, na yale ya mbele huwa yameundwa kabla mtoto hajafika umri wa kwenda darasa la kwanza. Kwa hivyo meno ya huyo kijana yanatuambia kuhusu maji aliyokunywa alipokuwa mdogo sana, maji ambayo hayakutoka kwenye kisima cha shemeji yako kwa sababu kisima hakikuwepo. Kile kichwa kizuri, ambacho hata mimi kilinifurahisha, kinamshtaki mtu kwa kosa la maji mengine. Watoto wanaohusika na kioski hicho ni wale wenye miaka miwili, mitatu, minne sasa hivi, ambao meno yao ya kudumu bado yanaundwa na hakuna awezaye kuyapiga picha.

Unaona jambo hili linatupeleka wapi? Habari inakuwa ngumu zaidi kuiandika, na inakuwa na maana zaidi kwa mama mwenye mtoto mchanga. Lakini aliyepaswa kuliona ni mhariri, na mhariri alikuwa anaogopa. Sikulaumu. Nasema tu kwamba ule mwezi wa kuchelewesha haukuwa mwezi wa kuhariri.

La pili ni ile chupa moja. Ilikuwa imebeba nini awali? Ilichotwa bombani au kwenye tangi? Binamu aliipima kwenye maabara ya chuo kwa ruhusa, au kwa kujiibia nafasi jioni? Yuko tayari jina lake litajwe? Na vioski vingine vya mtaa vimepimwa? Kama vyote vina floraidi ya kiwango hicho hicho, kumtaja mmoja ni kumwonea, na wateja wake watahamia kwa jirani kununua maji yale yale. Hapa lakini nikuonye: "tupime mtaa mzima" linaweza kuwa swali la haki, na linaweza kuwa blanketi la kumfunika shemeji. Vijana watajua ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu watatazama kama kioski chake kitabaki kwenye orodha mwishoni.

Tena kuna lile tangazo la bluu. Umelitaja kama mtu anayetaja uongo. Inawezekana shemeji yako hutia klorini kila wiki na anaamini kabisa kwamba ameyatibu. Klorini huua vijidudu, floraidi haiigusi. Ya kuiondoa ni mambo mengine, kama vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilivifanyia kazi kwa miaka mingi hapo hapo kwenu. Inawezekana pia anajua kila kitu na amenyamaza. Mimi sijui, wewe hujui, na Binti hajui, kwa sababu moja tu: katika barua yako ndefu sijaona mahali ambapo mtu yeyote amemuuliza. Yale maswali sita yamekwenda kwa kila mtu ila kwake.

Ndiyo maana siamini kwamba leo unaamua kati ya kuchapisha na kuzuia. Habari haijafika hapo. Unachoamua leo ni nani aende kumuuliza, na aende kama nani.

Ukienda wewe, peke yako, jioni, ukaketi sebuleni kwa dada, utakuwa umekwenda kama shemeji. Faida ni kwamba atasikiliza, na huenda aibu ikapungua. Hatari ni kwamba utakuwa umembebea kazi ya mwanafunzi wako kabla yeye mwenyewe hajajua. Akiamua kuifuta ile rangi ya bluu usiku huo, au akikwambia, "Kwa ajili ya mama yetu, iache," utajibu nini? Mambo ya ukoo yana mahakama yake, na humo daftari la mwandishi halisomwi.

Akienda Binti, ni haki yake, lakini ni msichana wa miaka 17 anayekwenda kumkabili mwenye nyumba za kupangisha. Je, nyumba yao wamepanga kwa nani? Hilo hukulisema. Kama ataenda, asiende peke yake. Aende na mwenzake na mtu mzima asiye wewe, wakiwa na maswali yaliyoandikwa na nakala ya kumwachia, na wampe siku za kutosha za kujibu. Jibu lake, hata likiwa la hasira, liingie kwenye habari kwa uzito wake. Kama hatajibu, hilo nalo liandikwe bila kejeli.

Kuna njia ya tatu ambayo inakuhusu wewe zaidi kuliko maji. Unaweza kuwaambia vijana Jumamosi: mwenye kisima ni shemeji yangu, ukumbi huu ni wake, kwa hivyo mimi siwezi kuwa mhariri wa habari hii. Kisha umtafute mmoja wa wenzako wa zamani, wa Kisumu au Eldoret, asiyemjua shemeji wala asiyekaa kwenye viti vyake, aihariri kwa simu. Vyumba vya habari vikubwa vina sheria ya mwandishi kujitenga na habari inayogusa maslahi yake; kuwaonyesha vijana namna inavyofanyika ni somo ambalo ubao hauwezi kulitoa. Lakini sitakuficha uzito wake. Binti anaweza kuumia kwamba wenzake walijua na yeye hakujua. Na shemeji anaweza kuona kwamba umenawa mikono tu, huku ukiwaachia wengine kisu. Itabidi umwambie dada yako kabla hajasikia mtaani.

Na ukiamua kwamba huwezi, kwamba fadhila ya bili ile ya hospitali inakufunga, hilo nalo ni jibu la binadamu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na wewe ndiye utakayeishi na hiyo familia. Ninachokuomba utafakari ni tofauti kati ya kujiondoa na kuizika. Habari ni ya Binti. Ukijiondoa, anaweza kuipeleka kwa mwalimu mwingine, kwa klabu ya shule yake, au akaisubiri akue. Ukiizika kwa "naihariri" hadi achoke, utakuwa umetumia uwezo wako juu yake, naye atajifunza jinsi uwezo unavyotumika. Kufunga masomo mpaka Januari, mimi naona kunaelekea upande huo wa pili. Labda wewe unaona vingine.

Umesema pia kwamba kikundi kitakosa ukumbi, ukaliandika kama vile kikundi ni ukumbi. Redio ya jamii ya kwanza nchini ilianzishwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, na serikali ikaifunga mwaka 1984. Aliyeshika kibali ndiye aliyeshika swichi. Kila chombo kidogo hukutana na swali hilo siku moja: tunakaa kwa hisani ya nani? Lenu limekuja mapema, mkiwa bado na gazeti la ukutani tu. Kuna kanisa? Kuna shule iliyo wazi Jumamosi? Kuna kivuli cha mwembe? Kuuliza mapema hakumaanishi kumkosea shemeji. Ila usihame kimya kimya, maana kuhama kimya kutasema mengi kuliko habari yenyewe.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua inakunyima usingizi hata kama hukuitaja: mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfunga mtu kwa kosa la jinai la kashfa ni kinyume cha Katiba. Kesi ya madai ya kashfa bado ipo, na anayeshtakiwa ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba aliyoyaandika ni kweli. Chupa moja haitamfikisha mbali. Upande wa pili, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Binti ni raia hata kabla ya kupata kitambulisho. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Kisima huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Anaweza kuandika barua kuuliza kama kibali kipo na kama maji yamewahi kupimwa, na idara ya afya ya kaunti akaiuliza kuhusu visima vyote vya mtaa. Wakimnyamazia, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko ya namna hiyo. Siku 21 zitaonekana nyingi kwa kijana. Floraidi si kipindupindu, haiui kesho. Lakini pia haingoji, na kila mwezi kuna mtoto mwingine anayeanza kunywa.

Kwa hiyo huenda kuna kipande cha habari ambacho hakihitaji kungoja mtu yeyote: kwamba katika sehemu hizi maji ya visima yanaweza kuwa na floraidi, kwamba kuchemsha hakusaidii, na kwamba mwenye mtoto mdogo anaweza kutafuta maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa kwa ajili ya kunywa na kupikia. Hakuna jina ndani yake. Hatari yake ni kwamba vijana wataona umewapa peremende wanyamaze. Labda ungewauliza wao wanaonaje, badala ya kuamua ukiwa peke yako dukani usiku.

Mtangazaji wa redio mwombe asubiri, na umwambie sababu. Akiisoma ilivyo sasa, ni jina la Binti litakalobeba kosa la ile miaka 11.

Mwisho ni zile picha. Hizi hazisubiri uamuzi wako mwingine wowote. Kanuni za uadilifu zilizoambatishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kumhoji au kumpiga picha mtoto kuhusu jambo linalogusa hali yake. Wale watoto wa jirani walifungua midomo kwa sababu dada wanayemjua aliwaambia wafungue. Mtoto mwenye meno ya kahawia hutaniwa shuleni vya kutosha. Muulize Binti picha ziko kwenye simu ngapi sasa, na mama wangapi wanajua. Muulize pia kama mama yake mwenyewe ameisoma habari hii, kwa sababu yeye ndiye anayenunua maji pale kila asubuhi, na mimi ningependa sana kusikia anasemaje.

Wako,
Mama Mshauri